Kabla Hujanunua Hedifoni Nyingine: Hatua za Kujua Tatizo Liko Wapi

Ukiingia Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na lalamiko la sauti, hutoki mikono mitupu. Kila meza ina spika za masikioni za waya, zisizo na waya, hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, na kijana wa kukuhakikishia kwamba hiyo uliyoshika ndiyo yenyewe. Wengi hununua hedifoni mpya kutibu ugonjwa ambao haumo kwenye hedifoni. Uko kwenye faili la wimbo, au kwenye simu, au kwenye kimpira kisicho cha saizi yao, na pengine uko sikioni kwao wenyewe.

Hatua hizi zinaanzia kwenye zile zisizo na gharama. Zifuate kwa mpangilio. Ukifika mwisho na lalamiko bado liko palepale, nenda kanunue.

1. Taja lalamiko lako kwa sentensi moja

"Sauti si nzuri" haikusaidii wewe wala fundi. Sema kinachokukera hasa: upande wa kushoto uko chini, kwenye daladala sisikii maneno mpaka nipandishe sauti hadi mwisho, masikio yanauma baada ya saa moja, nikipiga simu wananiambia hawanielewi, betri haifiki jioni, besi hakuna.

Kila sentensi hapo ina tiba yake, na ni chache zinazohitaji duka. Kama sentensi yako ni "nimeona za rafiki yangu, nazitaka," hiyo nayo ni halali, ilimradi usijidanganye kwamba ni suala la ubora wa sauti. Hayo ni matamanio. Yawekee akiba, yasile pesa ya kodi ya nyumba.

2. Upande mmoja uko chini? Fuata sauti inakohamia

Hili ni lalamiko la kawaida sana, na kipimo chake hakichukui dakika mbili. Cheza maneno ya mtu mmoja, hotuba au taarifa ya habari, si muziki. Chukua spika ya kushoto uiweke sikio la kulia, na ya kulia uiweke la kushoto. Sasa sikiliza: udhaifu umehama pamoja na spika, au umebaki kwenye sikio lilelile?

Umebaki kwenye sikio? Basi hedifoni hazina kosa. Huenda ni nta imejaa, huenda ni jambo jingine, lakini safari yako ni ya hospitali. Usichokonoe kwa pamba wala kijiti, nta huzidi kusukumwa ndani.

Umehama na spika? Angalia kile kiwavu kidogo mdomoni mwa spika. Kiinamishe kwenye mwanga, washa tochi ya simu. Mara nyingi utaona utando wa njano umeziba nusu yake. Vua kimpira, shika spika uso ukitazama chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia ndani, kisha sugua polepole kwa mswaki laini mkavu. Utando ukiwa mgumu, lowesha ncha ya mswaki kwa tone la spiriti, halafu acha pakauke kabisa. Usipulize kwa mdomo, utapeleka mate ndani.

Bado? Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, utafute mizani ya kushoto na kulia. Watoto wakichezea simu, mizani hiyo husogea na hakuna anayejua. Halafu jaribu hedifoni hizohizo kwenye simu nyingine. Zikicheza vizuri huko, chunguza tundu la simu yako. Vumbi la mfukoni hujishindilia mle ndani mpaka pini isiingie yote. Zima simu, ulitoe kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu, na sindano iache.

Ikiwa ni za waya na sauti inakatikakatika, pindapinda waya kidogokidogo huku unasikiliza, ukianzia kwenye pini. Sehemu mbili huchoka kwanza: pale waya inapotoka kwenye pini, na pale inapogawanyika kwenda masikio mawili. Ukipata mahali sauti inaporudi, umepata jeraha. Fundi redio yeyote anaweza kukata hapo na kuchomelea pini nyingine. Kwa spika za masikioni za shilingi elfu tatu za Tanzania haina maana. Kwa hedifoni za laki moja na nusu ina maana sana.

3. "Besi hakuna": bonyeza kwanza

Spika za kuingiza sikioni haziwezi kutoa besi kama kuna upenyo wa hewa kati ya kimpira na tundu la sikio. Cheza wimbo wenye besi unayoijua, kisha sukuma spika ndani kwa kidole, taratibu. Besi ikiingia ghafla na ukiachia ikapotea, hedifoni zako ni nzima kabisa. Kimpira ndicho si cha saizi yako.

Kwenye boksi kulikuwa na vimpira vya saizi mbili au tatu ambavyo watu wengi huvitupa pamoja na karatasi za maelekezo. Vitafute. Masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane, kwa hiyo usione ajabu ukiishia na kikubwa kushoto na cha kati kulia. Vilivyopotea hununuliwa peke yake, na vipo vya sponji vinavyojaa sikio vizuri kuliko vya silikoni, ingawa kwa jasho la Dar na Mombasa huchakaa upesi.

Kwa hedifoni kubwa, kanuni ni ileile, ila panapovuja ni kwenye sponji za pembeni. Ngozi bandia ikianza kumenyuka na kukuachia madoa meusi shavuni, sponji zimekwisha, na besi imekwenda nazo. Miwani yenye fremu nene na hijabu navyo hufungua upenyo. Jaribu hedifoni bila hivyo kabla ya kuzihukumu.

4. Kagua kinachoingia

Hedifoni bora hazitengenezi sauti ambayo haimo kwenye faili. Zitakachofanya ni kukuonyesha kasoro zake waziwazi zaidi.

Kama unasikiliza Spotify, fungua mipangilio ya ubora. Kiwango cha chini kabisa ni kilobiti 24 kwa sekunde, cha kawaida 96, cha juu 160, na kinachofuata juu ya hicho, cha wanaolipia, 320. Wengi wetu tuliweka kiwango cha chini siku bando lilipokuwa linaisha, tukasahau. Hesabu yake ni hii: saa moja ya kilobiti 24 inakula takriban MB 11, ya 96 takriban MB 43, ya 320 takriban MB 144. Ukiwa unalipia na una Wi-Fi ya ofisini au chuoni, pakua orodha yako huko kwa ubora wa juu, barabarani usikilize bila bando. Hilo peke yake limewafanya watu waache kulalamikia hedifoni zao.

Nyimbo za kurushiana na za kuingiziwa kibandani ni mchezo wa bahati nasibu. Faili lililowahi kubanwa hadi kilobiti 64 halirudi kuwa zima hata mtu akilihifadhi upya kwa 320. Kilichokatwa kimekatwa.

Wapenzi wa zilipendwa tuambiane ukweli. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 na 1980 zilirekodiwa kwenye tepu katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na si chache tunazozisikia mtandaoni leo zimetoka kwenye kaseti zilizonakiliwa kutoka kaseti nyingine. Ule mvumo wa nyuma na sauti ya mwimbaji iliyofifia haviondoki kwa hedifoni za laki tano. Tafuta toleo lililotolewa upya kutoka kwenye tepu za asili, kama lipo. Tofauti utakayoipata inazidi ile ya kubadilisha kifaa.

5. Kagua kinachopeleka: simu na Bluetooth

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, Bluetooth 5.3 na kadhalika, haikuambii muziki utasikikaje. Kinachohusika zaidi ni kodeki, yaani njia ya kubana sauti isafiri hewani. SBC ipo kwenye kila kifaa cha muziki cha Bluetooth kwa sababu ni ya lazima. AAC ndiyo inayotumiwa na iPhone. LDAC ya Sony hufika kilobiti 990 kwa sekunde, na Android imekuwa nayo tangu toleo la 8 la mwaka 2017. Sharti ni moja: simu na hedifoni zote mbili ziwe na kodeki hiyo, la sivyo zinashuka hadi ile wanayoelewana. Mwenye iPhone anayelipa zaidi kwa sababu ya LDAC amelipia kitu ambacho simu yake haitakitumia.

Halafu kuna hili linalowachanganya wanaofanya mikutano kwa kompyuta. Unasikiliza muziki vizuri, mkutano unaanza, ghafla kila kitu kinasikika kama redio ya mkulima. Hedifoni hazijaharibika. Maikrofoni ya Bluetooth ikiwashwa, kompyuta nyingi huhamia kwenye mfumo wa simu, na mfumo huo hubana sauti sana na kuifanya mono, kushoto na kulia vikawa kitu kimoja. Chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe kwenye mipangilio ya mkutano, usikilize kwa hedifoni, na muziki utarudi.

Kuhusu amplifaya ndogo za hedifoni, ambazo vijana wa studio wanazipenda, kipimo changu ni kifupi. Ukifika nusu ya sauti na tayari inatosha, amplifaya haitakuongezea chochote cha maana. Ukifika mwisho na bado ni chini, hapo ndipo unapoihitaji. Angalia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa hedifoni kwa umeme: Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa kwa omu 32, 80 na 250. Ile ya 250 ukiichomeka moja kwa moja kwenye simu utaiona dhaifu, ukadhani umeuziwa feki. Simu ya USB-C isiyo na tundu la hedifoni inahitaji tu kiunganishi kidogo. Kile cha Apple ni cha bei nafuu na kazi yake ni safi kuliko vingi vyenye maneno makubwa.

6. Kaa na ikwalaiza siku kadhaa

Sauti kali inayochoma sikio, besi inayomeza maneno, mwimbaji aliyejificha nyuma ya ngoma: haya mara nyingi hurekebishika bure kwa ikwalaiza, kile kipengele cha kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na sauti kali. Kwenye Android, programu ya Wavelet ina marekebisho yaliyokwisha kuandaliwa ya maelfu ya modeli za hedifoni; tafuta jina la zako uone. Ukirekebisha kwa mkono, punguza kinachozidi kabla ya kuongeza kinachopungua. Ukipandisha kila kitu, sauti itapasuka.

Usihukumu siku hiyohiyo. Sikio huzoea, na jana yake lilikuwa limezoea kosa.

7. Piga hesabu ya matengenezo

Hapa aina mbili zinatengana. Hedifoni za waya hazizeeki kama simu. Sony MDR-7506 ilitoka mwaka 1991 na Sennheiser HD 600 mwaka 1997, zote bado zinauzwa na kufanyiwa kazi studio. Za namna hiyo, sponji na vipuri vingine hupatikana, na mwenye nazo hana sababu ya kubadilisha kwa kuwa tu mwaka umegeuka. Kanuni yangu: kipuri na fundi visipozidi theluthi ya bei ya mpya, tengeneza.

Zisizo na waya zina kifo chao ndani. Betri ya lithiamu baada ya chaji mia kadhaa hubaki na sehemu tu ya uwezo wake, na joto huiharakisha. Kuziacha kwenye dashibodi ya gari juani ni kuzipunguzia umri. Vile vidogo vya masikioni vimegundishwa kwa gundi, mafundi wanaovifungua vikafungika tena ni wachache. Kikikatika chaji baada ya saa moja wakati zamani kilikwenda saa nne, usitafute tiba. Hiyo ni sababu halali ya kununua.

8. Sababu zinazostahili pesa

Ya kwanza kwangu, na ningeiweka juu ya ubora wote wa sauti, ni kelele. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Ukipanda hadi desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Sasa mtu yuko kwenye basi la Mbagala, injini inanguruma, redio ya dereva iko juu, naye ana spika zisizoziba sikio. Atapandisha sauti ya simu ishinde hizo zote, asubuhi na jioni, siku sita. Usikivu ukishapotea kwa namna hiyo haurudi.

Kwa mtu huyo, spika zinazoziba vizuri, au zenye mfumo wa kupunguza kelele, ni ununuzi wa afya. Ila ajue mfumo huo unaua nini: ngurumo ya injini, feni, jenereta, sauti nzito zisizobadilika. Konda akiita "Rangi Tatu! Rangi Tatu!" utamsikia, na ni heri umsikie. Ukitembea pembeni ya barabara yenye bodaboda, uzime kabisa.

Ya pili ni kazi. Anayerekodi sauti chumbani anahitaji hedifoni zilizofungwa nyuma, vinginevyo mdundo unavuja na kuingia kwenye maikrofoni. Anayehariri video au kucheza gemu anahitaji waya, kwa sababu Bluetooth huchelewesha sauti na midomo haiendani na maneno. Anayeshinda kwenye simu za wateja anahitaji maikrofoni nzuri kuliko anavyohitaji besi.

Ya tatu ni maumivu. Hedifoni zinazobana kichwa au kusukuma sikio hazirekebishiki kwa ikwalaiza.

Ubora wa sauti wenyewe nimeuacha nyuma makusudi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya kupima hedifoni 283 za bei mbalimbali, na hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyosawazisha besi, sauti za kati na sauti kali. Kutoka kwenye za machinga hadi za waya za kampuni inayojua inachofanya, mrukio ni mkubwa na bei yake si ya kutisha. Kutoka hapo kwenda juu, unalipia zaidi starehe ya kuvaa, maikrofoni, kupunguza kelele, uimara na jina.

9. Linganisha bila kudanganywa na ukubwa wa sauti

Nenda na simu yako, hedifoni zako za sasa, na nyimbo tatu ulizozipakua kwa ubora wa juu. Chagua unazozijua kwa moyo. Kwangu lazima mmoja uwe wa taarabu ya asili: kanuni, fidla, akodiani na dumbaki vikiwa pamoja, hedifoni mbovu huvibananisha vikawa uji mmoja. Mwingine uwe wa mtu anayeimba na gita tu, ili usikie sauti ya binadamu. Wa tatu uwe Bongo Fleva yenye besi nzito, usikie kama besi inakata au inaendelea kuvuma baada ya ngoma kunyamaza.

Muuzaji atakwambia, "Bosi, sikiliza hii, besi ya kufa mtu," huku amepandisha sauti hadi juu. Kilicho juu kidogo tu, sikio hukiona kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo. Shika simu mwenyewe. Shusha za mpya mpaka maneno ya mwimbaji yawe sawa na za zamani, ndipo ulinganishe. Ukienda na mwenzio, mpe yeye kazi ya kubadilisha na kurekebisha sauti, wewe ufumbe macho na umtajie ipi ni ipi. Ukishindwa kutofautisha, bakiza pesa yako.

Kwa mwenye sabufa sebuleni, jaribio linalotangulia duka ni kuisogeza. Ikiwa imebanwa kwenye kona ya ukuta wa saruji, itavuma kila wimbo kwa noti ileile. Itoe konani hatua moja au mbili, weka zulia kwenye vigae, shusha pazia zito. Nyumba tupu yenye vigae na dirisha la kioo huharibu spika yoyote.

10. Usitoke dukani kabla ya haya

Boksi lifunguliwe mbele yako. Ziunganishe na simu yako, si ya muuzaji. Za Bluetooth za kampuni kubwa, nyingi zina programu rasmi ya simu. Zisipotambulika humo, zirudishe mezani. AirPods ziunganishe na iPhone yenye iOS 16 au mpya zaidi, kwa sababu hutoa onyo ikishindwa kuzithibitisha. Namba ya utambulisho (serial number) ya boksi peke yake haitoshi, watengeneza feki hunakili namba za kweli.

Kisha toka nje ya duka, kwenye kelele, umpigie mtu na umuulize anakusikiaje. Vaa dakika kumi bila kuvua wakati unaandikiwa risiti yenye jina la modeli na muda wa kurudisha. Muuzaji akikataa kufungua boksi au kuandika risiti, maduka yako mengi mtaa huohuo.